Kipandauso: Maswali Matatu ya Kumuuliza Mtu Anayelalamikia Kichwa

Maelezo yaliyotolewa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii



Kuna mwanamke ambaye kila mmoja hapa amewahi kumkuta katika ziara za nyumbani. Anauza mboga sokoni. Mara mbili au tatu kwa mwezi kibanda chake hakifunguliwi. Majirani wanasema ni mvivu, mume anasema ni mawazo, mama mkwe anataja majini. Yeye mwenyewe husema tu, "Ni kichwa." Kwa mwaka mmoja amemeza dawa za malaria mara nne bila kupimwa hata mara moja. Kichwa bado kinamsumbua.

Huenda mama huyo ana kipandauso. Huu ni ugonjwa wa ubongo na neva. Mara nyingi huonekana katika familia moja kizazi baada ya kizazi, na huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Hutambuliwa kwa kuuliza na kusikiliza, na ndiyo maana unawahusu nyinyi mnaoingia majumbani.

Maumivu ya kichwa ya kawaida, yale ya uchovu na mkazo, hubana pande zote mbili kama leso iliyofungwa kwa nguvu. Yanaudhi, lakini mtu hufua nguo, huendesha bodaboda, hufika kazini. Kipandauso hudunda, mara nyingi upande mmoja, ingawa si lazima. Kutembea au kuinama kuchota maji hukizidisha. Kichefuchefu huja, pengine na kutapika. Mwanga na kelele za redio havivumiliki, na mgonjwa hutafuta chumba chenye giza. Bila matibabu hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Kwa watoto huweza kuwa kifupi zaidi, na mwanafunzi anayelaza kichwa kwenye dawati huambiwa anakwepa hesabu.

Maswali ya kuuliza ni matatu. Katika miezi 3 iliyopita, je, maumivu ya kichwa yamekuzuia kufanya kazi au masomo hata siku moja? Yanapokuja, je, unasikia kichefuchefu? Je, mwanga hukusumbua kuliko wakati huna maumivu? Akijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, mwelekeze kituo cha afya. Afisa wa kliniki au daktari ndiye atakayethibitisha.

Mpimeni presha pia, kwa kuwa mashine mnayo mkobani. Lakini msikimbilie kuilaumu. Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote, na wengi wenye kipandauso presha yao ni ya kawaida kabisa.

Wagonjwa wengine, kabla ya maumivu, huona vimulimuli au mistari ya kukatakata, au husikia ganzi ikitambaa kutoka mkononi hadi mdomoni, kwa dakika 5 hadi 60. Mwanamke mwenye dalili hizo anayetumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni anapaswa kumweleza mhudumu wa kliniki mapema, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Njia nyingine za kupanga uzazi zipo.

Suala la dawa ndilo linalohitaji muda, kwa sababu hapo ndipo wengi hunaswa. Parasetamoli, ibuprofeni na aspirini husaidia, hasa zikimezwa mapema kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayengoja hadi anatapika amechelewa. Ibuprofeni na aspirini hazimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala mjamzito bila ushauri wa daktari. Aspirini asipewe mtoto.

Sasa mtego wenyewe: mtu anayemeza dawa hizo siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa kafeini au kodeini, siku 10 zinatosha. Anaamka na kichwa, anatuma mtoto dukani, kinatulia, kesho kinarudi. Dawa zikiachwa, siku za kwanza kichwa huuma zaidi, kwa hiyo heri aziache chini ya uangalizi wa kituo cha afya.

Anayeshikwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa dawa ya kuzuia, kama propranololi, ambayo haimfai mwenye pumu, au amitriptilini kidogo usiku. Hizi humezwa kila siku, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Wengi huziacha wiki ya pili wakidhani hazifanyi kitu.

Nyumbani, kula na kulala kwa saa zilezile husaidia. Kuruka chakula cha mchana sokoni, kukesha, pombe, kukosa maji na siku za hedhi ni baadhi ya vichochezi, lakini kila mtu ana vyake. Daftari la shilingi chache litavifichua: tarehe, saa kichwa kilipoanza, alikula nini, alilala vipi, hedhi ilikuwa lini, alimeza vidonge vingapi. Mama mboga akifika kituoni na daftari la miezi miwili, mazungumzo yatakuwa tofauti.

Wapo wasiopaswa kungoja daftari. Kichwa kilicholipuka ghafla kwa maumivu makali kuliko yote. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito. Kichwa baada ya kuanguka au ajali. Kichwa kikali kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni. Kichwa kipya kwa aliyepita miaka 50 au anayeishi na virusi vya UKIMWI. Hao ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.