Yowe Likipigwa Usiku: Ulinzi wa Wananchi na Hesabu Yake
Mhadhara wa Umma, Songea



Februari ni mwezi mzito katika mji huu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa makumi ya machifu na manduna wa Kingoni, na mbinu yao ya kuchoma maghala na mashamba katika Vita vya Maji Maji ikaleta njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Februari 2012 vijana wa bodaboda walikuwa mstari wa mbele katika maandamano mjini humu. Watu walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine, uvumi wa ushirikina umetanda, na wakazi waliona polisi wamelala. Polisi wakafyatua risasi, waandamanaji wakafa.

Siyalinganishi matukio haya. Ninachokitazama ni dai la wale vijana: dola ifanye kazi yake. Kwingineko wananchi walipochoka kungoja, waliifanya kazi hiyo wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kahama na Nzega, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha vilikuwa vimewashinda polisi. Vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi vikaunda sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe. Upinde, mishale, filimbi. Yowe likipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu hutoka, na kijiji cha pili hulipokea kabla mwizi hajavuka mpaka. Asiyetoka hutozwa faini. Mkaidi hutengwa: hasalimiwi, haombwi wala hapewi moto, akifiwa anazika peke yake. Jela gani inaushinda upweke huo? Wizi ulipungua, Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili wapate uwezo wa kukamata.

Lakini mishale hiyohiyo iliwageukia vikongwe. Bibi mwenye macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka hamsini, aliitwa mchawi, akapigwa, akafukuzwa au akauawa. Wapo wanaosema huo ulikuwa upotovu wa wachache. Mimi naona mzizi ni mmoja. Utaratibu uliomkamata mwizi bila kuchelewa ndio uliomnyima bibi nafasi ya kujitetea. Sheria ya 1989 iliwapa walinzi mikono. Haikumwonyesha mlalamikaji mlango wa kubisha.

Jirani zetu Kenya, baada ya shambulio la Westgate Septemba 2013, waliazima mfumo wetu wa nyumba kumi na hata jina lake. Faida yake ni dhahiri: balozi, yaani kiongozi wa nyumba hizo kumi, anajua nani kahamia, nani haonekani siku mbili. Ila hapa kwetu mfumo ulizaliwa ndani ya chama tawala, na balozi aliwajibika kwa waliokuwa juu yake kuliko kwa zile nyumba kumi.

Siku hizi mitaa na vijiji vingi vina ulinzi shirikishi: vijana wenye marungu na tochi, wanaolipwa kwa michango ya kaya. (Mchango hufuatwa mlango kwa mlango, taarifa ya matumizi hungoja mgeni wa heshima.) Ili walinzi hawa wawajibike, tayari tuna chombo kinachofaa, mkutano mkuu wa kijiji, wenye haki ya kuwahoji viongozi wake. Napendekeza kamanda wa walinzi asimame pale kila mara asome: nani alikamatwa, saa ngapi, alifikishwa kituoni saa ngapi, akiwa katika hali gani.

Nimeambiwa hakuna atakayethubutu kumbishia kamanda hadharani, hasa mama mjane anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Kweli. Kwa hiyo kabla ya mkutano huo wanawake wakae kwanza peke yao, bila kamanda wala mgambo, na malalamiko yao yaandikwe na mwalimu wa shule ya msingi badala ya mtendaji wa kijiji, kisha yasomwe bila kutaja majina.