Nyumba Juu, Shamba Bondeni

Kila Mto Rufiji unapofurika, swali ni lilelile: mbona watu hawahami? Walishahama. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwatoa wakulima bondeni na kuwapandisha kwenye vijiji vya ujamaa, katika ardhi ya juu. Watu walihama, udongo wenye rutuba ukabaki. Na mlau, kilimo cha kufuata maji yanapopungua, hakiwezekani kwenye kichanga cha juu. Basi familia nyingi zikawa na nyumba kijijini na dungu, yaani kibanda cha shambani, bondeni, zikipanda na kushuka kwa msimu. Mrufiji akawa na kwao mara mbili, wala sioni kosa hapo.

Swali la kwao si la wakulima peke yao. Ukanda wetu wa Nyamwage, wilayani Rufiji, umepokea pia wafugaji, wengine wakiwa wameondolewa Bonde la Usangu kuanzia 2006. Watoto wao waliozaliwa hapa, kwao ni wapi kama si hapa?

Mafuriko ya 2024 yalirudisha mazungumzo ya kuhamia maeneo ya juu. Ombi langu kwa halmashauri za Rufiji na Kibiti: kabla hamjampimia mtu kiwanja, muulizeni analima wapi.