MAZUNGUMZO YA AFYA: KUPANGA MENO SI PAMBO TU



Mzazi anapoambiwa kuwa meno ya mwanawe yanahitaji kutiwa vyuma, mara nyingi hujibu kuwa urembo unaweza kungoja. Maradhi hayangoji.

Meno yaliyobanana huficha mabaki ya chakula pahala ambapo mswaki haufiki. Meno ya mbele yaliyochomoza huvunjika kwa wepesi mtoto anapoanguka. Chonge iliyokwama ndani ya taya huweza kula mizizi ya meno jirani.

Meno ya ukubwani huanza kuota kwenye umri wa miaka 6 hivi. Inafaa mtoto achunguzwe na daktari wa meno anapotimia miaka 7, ili kasoro ijulikane mapema. Jino la utotoni lililo zima lising'olewe kabla ya wakati wake, kwani hulinda nafasi ya jino litakalofuata.

Aliyetiwa vyuma hana budi kupiga mswaki kwa makini zaidi. Uchafu ukiganda kando ya vyuma, meno huoza, na tiba hugeuka madhara.