Barua ya rekomandasio: tafuta mwenye anakujua, hapana mwenye jina kubwa

Maneno kwa wanafunzi na vijana wa Bukavu



Dosie ni mingi mu muji wetu kwa sasa. Huyu anatafuta bursa ya masta inje ya inchi, yule anataka spesialite ya medesini, mwengine amemaliza sheria na anatafuta kuingia mu baro. Wote wanauliza neno moja: "Nani ataniandikia barua?" Na jibu ya muji ni ileile kila mwaka: tafuta mukubwa. Depite, pasta wa kanisa kubwa, ministri wa zamani mwenye alisoma na baba mudogo.

Njia ile inatuumiza mara mbili.

Ya kwanza, haisaidii dosie. Chevening ya Uingereza inaomba watu wawili wa kukushuhudia. Fulbright ya Marekani inaomba barua tatu. Masomo ya EPOS ya DAAD, kule Ujerumani, yanaomba barua ya kazini kwako. Wale wenye kusoma barua hizo hawajui depite wetu. Wanatafuta jibu: huyu kijana alifanya nini, nani alimuona akifanya? Barua yenye kusema "ni kijana muzuri wa familia ya heshima" haijibu kitu. Ata ingetoka kwa Daktari Mukwege mwenyewe, na Nobel yake ya 2018, kama alikuona tu ukipita mu koridori pale Panzi, ataandika nini? Lakini munganga mwenye alisimamia staji yako, mwenye alikuona saa tisa ya usiku unapima tena tansio ya mama mugonjwa juu namba ya kwanza haikukutuliza, ule iko na kitu cha kusema.

Ya pili, inakufunga. Mukubwa mwenye anakupa kasheti leo, kesho atakuita ubebe bendera yake wakati wa kampanye. Tunalalamika kila siku juu ya kazi zenye kutolewa kwa kujuana. Hatuwezi kulaani mchezo ule asubuhi, na mangaribi tunaenda kuomba zamu yetu.

Basi tuchague nani?

Mwalimu mwenye alisoma kazi yako, kwanza kabisa mwenye kuongoza memwari yako. Najua, mutasema: "Mu oditoriamu tuko mamia, profesa hajui ata jina yangu." Ni kweli. Lakini asistanti anakujua. Yeye njo alisahihisha TP zako. Mwende kwake, aandike yenye aliona, na kama inaombwa saini ya profesa, waweke saini wote wawili.

Pili, mwenye alikuona kazini ao kwenye staji. Kwa wa sheria, hii ni kubwa zaidi: huingii mu baro bila avoka mwenye kukukubali ufanye staji kwake. Usitafute kabine yenye jina kubwa tu. Uliza wenye walipita pale kama walifundishwa, ao walibeba tu mikoba.

Tatu, kama bado kuna nafasi, mwenye alikuona ukitumikia watu: mu asosiasio, mu kanisa, mu kata. Pasta si mubaya. Mubaya ni kumuomba ashuhudie masomo yenye hakuona. Na ndugu wa damu, hapana.

Namna ya kuomba nayo iko na adabu yake. Omba mwezi muzima mbele, ao zaidi. Peleka pointi zako, CV, tangazo lenyewe, na mistari mitano ya kumukumbusha kazi mulifanya pamoja. Umuachie mulango wazi: "Papa Profesa, kama munaona hamuna cha kutosha cha kuandika, muniambie tu bila shida." Akikataa, shukuru, barua baridi inaua dosie kuliko kukataliwa. Akisema "andika weye, mimi nitasaini," mupe habari, lakini mwombe maneno yawe yake. Na tangu vita ifike mu muji mwezi wa pili 2025, walimu wengine walihama. Mutafute namba na imeili zao sasa, musingoje wiki ya mwisho.

Kuna neno tunapashwa kusema bila kuficha. Barua haina bei. Mwenye kuomba dola, ao mwenye kumwambia dada yetu apite kwake mangaribi "tuongee juu ya barua", haandiki rekomandasio. Tunajua PST, zile pointi za kitandani. Tusikubali zizae barua za kitandani. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inaazibu unyanyasaji wa ngono. Dada, usiende peke yako, chunga mesaji zote, ambia mutu mwenye unaamini. Na sisi wanaume tusicheke.

Kwa walimu wetu: tunajua mushahara ni kidogo na copi ni mingi. Lakini ukurasa mumoja wa kweli unaweza kufungulia mutoto wa Kadutu mulango wenye depite hawezi kufungua. Muuandike.

Na weye mwenye uko mwaka wa kwanza: barua yako imeanza kuandikwa. Kaa mbele, uliza swali, rudisha kazi kwa wakati. Siku utaiomba, mutu awe na cha kusema.