Siku ya Kumpeleka Mtoto Kuchanjwa



Tumeombwa kusema machache juu ya chanjo za watoto. Sisi si waganga. Kazi yetu ni kalamu na majalada. Walakini tumekwenda kliniki na mtoto wetu, na tumekosa pia, na kosa hilo ndilo litupalo haki ya kusimama mbele yenu.

Yafaa kufika asubuhi, na kadi ya mtoto mkononi. Mtoto hupimwa uzito, kisha muuguzi husoma kadi na kuuliza hali yake. Mafua kidogo hayamzuii. Hapa Tanzania mtoto wa wiki 6 hupewa matone kinywani na sindano mapajani. Sindano moja hukinga maradhi matano, miongoni mwao dondakoo, kifaduro na pepopunda. Bomba lake hujifunga likiisha kutumika mara moja, wala haliwezi kumchoma mtoto wa pili. Twalitaja hili kwa kuwa uvumi ni mwingi. Mtoto akilia, mama amnyonyeshe papo hapo, wala wasifanye haraka kuondoka.

Usiku ndipo mambo yanapoanza. Mwili huweza kupata joto, na paja likavimba kidogo. Kwa kawaida hayo hupita kwa siku moja au mbili. Paja lisikandwe wala kupakwa dawa. Lakini joto likizidi sana, au mtoto akikataa kunyonya, au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali bila kungoja mapambazuko.

Usiku ule tuliogopa. Bibi yake mtoto akasema, "Hamrudi tena huko kumtesa mjukuu wangu." Naye mwenyewe ana kovu la chanjo ya ndui mkononi, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1980 kuwa umekwisha duniani! Tulikubali upesi, na kwa kweli si kwa heshima tu: siku ya wiki 10 iliangukia mwisho wa mwezi, tulipokuwa tukifunga hesabu. Wiki ya 14 nayo ikapita. Ndipo aibu ikaingia. Tukadhani tutakaripiwa, na ya kwanza imekwisha haribika. Kadi ikalala sandukuni miezi mitano.

Hata mtoto wa jirani aliposhikwa na kifaduro, tukawa twamsikia akikohoa usiku hata pumzi kumkatika, tuliitoa kadi sandukuni. Muuguzi akatazama tarehe, akasema neno moja tu, kwamba chanjo haianzwi upya, huendelea pale ilipoishia. Mtoto akachomwa ya pili siku ile, na ya tatu baada ya wiki 4. Benchini tulikuwa akina baba wawili tu.

Sasa twangoja miezi 9, siku ya surua na rubela, na tena miezi 18. Siku zote mbili tumeziandika katika kalenda ya ofisini, kando ya siku za mshahara. Kadi tumekuja nayo. Itapita mkono kwa mkono, na mwenye swali na aulize.