Hasara Analipa Nani? Swali la 19 la Sayansi ya Menejimenti



Desturi inamtaka profesa mpya atoe mhadhara wa shukrani. Huu wangu umegeuka ugomvi. Chanzo ni kauli niliyoisikia kwenye kongamano moja kutoka kwa mtaalamu ninayemheshimu, nayo ikapigiwa makofi ukumbi mzima: kwamba Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilikufa kwa menejimenti mbovu, na kwamba kingekuwa na malengo yanayopimika, ufuatiliaji wa kila siku na motisha kwa wanaofanya vizuri, leo tungekuwa tunavaa viatu vyake. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mke wangu akaniambia niandike, nisije nikawamalizia hasira watoto.

Kwa vijana ambao hawakukiona: kiwanda hicho kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa miaka ya 1970. Kilipangiwa kutoa pea milioni 4 kwa mwaka. Kingetosheleza soko la Tanzania, kisha robo tatu ya viatu ingeuzwa Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa na wafanyakazi walikuwapo. Kuta zilikuwa za alumini, pasipo mfumo wa kupitisha hewa, na hii ni Morogoro, ambako mwezi wa kumi na mbili hata mbwa hutafuta pa kulala pembeni mwa mtungi. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, yaani pea 160,000 katika zile milioni 4, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Mwanauchumi William Easterly alikitangaza duniani katika kitabu chake cha 2001, kama mfano wa mashine zisizoleta maendeleo. Wanauchumi wataongeza vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni. Hayo mnayajua, nayapita.

Aliyepigiwa makofi hakuzungumza hewani. Ana jeshi nyuma yake. Mwaka 2007 Nicholas Bloom na John Van Reenen walichapisha utafiti wa viwanda 732 vya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Mhojaji alimpigia simu meneja wa kiwanda, akamwuliza kuhusu mambo 18: matengenezo ya mashine, ufuatiliaji wa kazi, malengo, kupandisha watu vyeo na kadhalika. Kila jibu lilipewa alama, 1 hadi 5. Waliopata alama nyingi walizalisha zaidi, wakapata faida zaidi, na hawakufa upesi. Kazi hiyo ilipanuliwa baadaye hadi Afrika, Tanzania ikiwamo, na nchi zetu zikaangukia mkiani.

Kisha likaja jaribio la India, ambalo mwanafunzi yeyote wa shahada ya uzamili hapa anaweza kuwasimulia akiwa usingizini. Viwanda vya nguo karibu na Mumbai viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi vilipewa washauri kwa miezi mitano, bure, wakaonyeshwa jinsi ya kupanga stoo, kuandika kasoro za kitambaa na kutunza mashine. Katika mwaka wa kwanza tija ikapanda kwa asilimia 17. Watafiti waliporudi miaka tisa baadaye walikuta takribani nusu ya taratibu zile zimeachwa, lakini viwanda vilivyosaidiwa bado vilikuwa mbele. Huo ni ushahidi mzito, na anayeubeza hajausoma.

Sasa tumrudie mwenzetu wa kongamano. Nilimwuliza wakati wa chai: ulijuaje kwamba menejimenti ilikuwa mbovu? Akanijibu: kiwanda kilikufa. Na kwa nini kilikufa? Kwa sababu ya menejimenti mbovu. Nikamwuliza tena: je, kuta za alumini nazo ni menejimenti? Akasema ndiyo, mipango mibaya ni menejimenti mbaya. Na soko la Ulaya ambalo halikuwahi kununua? Hiyo pia. Kwa kipimo hicho hakuna kifo kisicho cha menejimenti. Ni kama mganga anayemwambia kila mfiwa kwamba marehemu aliishiwa pumzi. Hakosei, ila hakuna mgonjwa hata mmoja atakayepona kwa maelezo yake.

Ningemsamehe kama angeishia hapo. Lakini alidai jambo linaloweza kupimwa, kwamba kasoro ilikuwa ukosefu wa malengo, ufuatiliaji na motisha. Basi tuchukue yale maswali 18 tukifanyie mtihani kiwanda hicho, si siku ya mazishi, bali siku kilipokuwa bado karatasini. Lengo lipo? Lipo: pea milioni 4. Linapimika? Hadi pea ya mwisho. Limegawanywa kwa masoko? Limegawanywa, ndani na nje. Linavuka mwaka mmoja? Linavuka. Ni gumu kiasi cha kuwasukuma watu? Ole wao! Ningekuwa mhojaji ningejikuta natoa 4 na 5 kwenye sehemu nzima ya malengo. Mradi huu uliuawa na kitu kile kile kinachopewa alama za juu.

Swali ambalo halimo katika yale 18 ni hili: lengo likikosewa, hasara analipa nani? Aliyeandika milioni 4 hakulipa. Aliyechora ukuta wa alumini alishapokea ujira wake. Benki iliyokopesha ilikuwa inadai nchi, si kiwanda, na nchi hulipa hata viatu visiposhonwa. Waliobaki na hasara ni mlipa kodi, ambaye hakuwapo mezani, na kibarua aliyesimama ndani ya joto lile. Katika mpangilio wa namna hiyo ufuatiliaji ungeongeza nini? Ungetuletea taarifa nadhifu ya asilimia 4 kila mwezi.

Watetezi wa dodoso watasema wamepima umiliki pia, wakagundua kwamba kampuni zinazorithishwa mtoto wa kwanza wa kiume hupata alama duni. Ni kweli, na ni matokeo mazuri. Lakini kujua jina la mwenye hisa si kujua nani anaumia. Shirika la umma lina mwenye mali, tena mmoja, naye haumii. Na someni upya jaribio la India kwa jicho hili. Wale walikuwa wenye viwanda wa kifamilia. Kitambaa kikiharibika, fedha zinatoka mfukoni mwa baba na ndugu zake. Mshauri aliwakuta watu ambao tayari wanaumia, akawaonyesha panapovuja. Vivyo hivyo utafiti wa Yuki Higuchi, Mtanzania mwenzetu Edwin Mhede na Tetsushi Sonobe, uliochapishwa 2019, kuhusu washonaji wadogo wa Dar es Salaam waliofundishwa kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo. Mafunzo yalizaa matunda. Waliokaa darasani walikuwa wenye cherehani zao. Sidhani kwamba matokeo haya yanahamishika kwenda kwa meneja anayesubiri uhamisho.

Nifungue mabano kidogo. Taasisi ya Uongozi wa Maendeleo, IDM, mama wa chuo hiki cha Mzumbe, ilizaliwa 1972, mwaka ule ule wa madaraka mikoani, mpango ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey. Sisi Wanamzumbe ni watoto wa washauri, na mtoto haoni vibaya kuisema familia yake. Nafunga mabano.

Makala ninayoipenda kuliko zote kuhusu menejimenti ya mkoa huu haikuandikwa na mtu wa menejimenti. Iliandikwa na mwanajiografia, Paul Temple, ikachapishwa 1972 katika jarida la Sweden liitwalo Geografiska Annaler. Inahusu sera za kuhifadhi udongo na maji katika Milima ya Uluguru. Nakala yangu imechakaa hadi imeshonwa kwa uzi, na wanafunzi wangu wananitania kwamba nitazikwa nayo. Ninachokipenda ni subira yake. Temple hamtukani ofisa wala hamsifu mkulima. Anauliza udongo una kina gani, mvua inanyesha upande upi, jembe linachukua siku ngapi, na mwisho wa msimu nani ana chakula.

Anasimulia Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ulioanza 1950. Wakoloni waliona milima inamomonyoka na mito inaingia tope, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Wakaamuru matuta ya ngazi. Kila mlipa kodi alipangiwa kazi yake, wakaguzi wakapita kuhesabu, mkaidi akatozwa faini: malengo, ufuatiliaji, motisha. Mtaalamu wa kongamano angetoa alama tano tano. Lakini kwenye miteremko ya mashariki, upande wa Matombo, udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ulio hai na kuupandisha juu usiozaa. Waluguru walikuwa na njia yao ya kulaza magugu kwa mistari ya kukinga mteremko na kuyafukia, na Temple anaieleza kwa heshima ambayo sijaiona kwenye ripoti za wakati huo. Mahindi yalipodumaa juu ya ngazi mpya, ofisa wa kilimo aliendelea kula mshahara wake, na mwenye shamba akalala njaa. Julai 1955 Matombo ikalipuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa.

Kinachoninyima usingizi ni upande wa pili, Mgeta. Kule matuta yalibaki, na yapo hadi leo. Wakulima wale wale wa Kiluguru, ila kule ngazi zilibeba mboga za kumwagilia zilizokwenda sokoni, na aliyechimba ndiye aliyeuza. Hakuhitaji mkaguzi.

Tuje kwenye biashara ya leo, tena nyuma ya uzio wa chuo, Mlali. Wanasayansi wa menejimenti wana tatizo maarufu la muuza magazeti: unanunua asubuhi usichojua kama kitauzwa, na jioni kilichobaki ni takataka. Nyanya ni gazeti lenye maji. Tuseme dalali wa Kariakoo analipa taslimu 20,000 kwa tenga na kuliuza 35,000. Tenga likikosekana anakosa 15,000, na likibaki anapoteza 20,000. Hesabu inamwambia achukue mzigo unaotosha wateja siku 43 tu kati ya 100, kwa hiyo anachukua kidogo na nyanya zinaoza shambani. Sasa mpe mzigo huo huo kwa mali kauli, alipe baada ya kuuza. Hasara yake ni sifuri, atachukua hata lori zima, na kinachooza Kariakoo kinaozea jina la mkulima. Kwa mnyororo mzima, kama mkulima ametumia 12,000 kuvuna, kubebesha na kulipa nauli, kiasi bora ni cha kutosha siku 66 kati ya 100. Taslimu inapungukiwa, mali kauli inafurika.

Mwaka 2005 Gérard Cachon na Martin Lariviere walichapisha nadharia ya mikataba ya kugawana mapato, ambayo sasa inafundishwa kila mahali. Mfano wao ulikuwa kampuni ya kukodisha kanda za video ya Blockbuster, iliyoacha kulipa takribani dola 65 kwa kanda ikalipa kama 8, kisha ikagawana mapato na studio. Mama mmoja wa Mlali hajawahi kusikia habari hiyo. Nilimkuta akifunika nyanya kwa majani ya mgomba, daftari la kurasa mia moja limechomekwa kwenye kanga: jina la dalali, idadi ya matenga, “imepokewa”, “bado”. Nikamwuliza kama anatoa mali kauli.

“Mwalimu, mzigo mzima mali kauli simpi mtu, hata awe shemeji yangu. Nusu mkononi kwanza, nyingine akiuza.”

Pigeni hesabu. Dalali anatanguliza 10,000 isiyorudi, na 10,000 nyingine analipa kwa kila tenga lililouzwa. Likibaki anapoteza 10,000, likikosekana anakosa 15,000. Atachukua mzigo wa kutosha siku 60 kati ya 100, hatua chache tu kutoka 66. Kwenye dodoso la simu mama huyu hayumo, kwa kuwa linaanzia viwanda vya wafanyakazi 50.

Najua pingamizi, na lina uzito. Kama kubeba hasara kungetosha, mkulima wa Uluguru angekuwa tajiri kuliko sote, maana amebeba hasara tangu enzi za Mjerumani. Anaubeba mzigo bila kujua bei ya Kariakoo ya alfajiri ile. Anajaziwa lumbesa akiona kwa macho yake, na sheria inayoikataza ipo. Mwenye njaa huuza kwa bei yoyote, na hawezi kudai nusu mkononi. Nakubali pia kwamba anayeogopa hasara kupita kiasi hathubutu kitu kipya, na kwamba stoo iliyopangwa vizuri inamfaa hata meneja wa shirika la umma. Nimeyapima haya yote. Bado nikipewa nafasi ya kuuliza swali moja tu mlangoni mwa kiwanda, ghala la stakabadhi au chama cha ushirika, nitauliza hasara analipa nani, na yale 18 yatasubiri foleni.

Ndiyo maana nimeomba kozi yetu ya menejimenti ya uzalishaji ifundishe mikataba ya mnyororo wa ugavi kabla ya kufundisha jedwali la malengo. Wenzangu wa idara wamelipokea ombi hilo kwa ukimya ninaoufahamu. Muhula ujao wanafunzi watakwenda Mlali, kisha wapande hadi soko la Nyandira, na kwa kila mzigo waandike nani alitanguliza nini na kilichooza kilikatwa kwa nani. Kariakoo itafuata. Dalali naye anatoa kodi ya kizimba, analipa wapakuaji na anakimbiwa na wateja wa mkopo, na katika hesabu niliyowaonyesha nimemwekea hasara ndogo kuliko anayoilalamikia.