Nyumba Inayouzwa "Kama Ilivyo"

 

Leo tuitazame ile nyumba unayotaka kununua. Pesa umezidunduliza kwenye chama miaka mingi, na mwenyewe anasema anaiuza kama ilivyo. Maana yake, ukishaweka sahihi kasoro zake ni zako, na kikohozi cha mtoto ni chako pia. Ikague kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Nenda baada ya mvua, kwa maana wakati wa kiangazi kila nyumba ni nzuri. Ingia chumba watakacholala watoto, ufunge mlango na madirisha, kisha unuse. Harufu ya udongo mbichi ni ya unyevu. Sogeza kabati, utazame nyuma yake na pembe za dari. Madoa meusi hapo ni kuvu, na kuvu humchokoza sana mtoto mwenye pumu. Ukikuta ukuta mmoja umepakwa rangi mpya sehemu ya chini tu, uliza kwa nini. Mimi huishuku sana rangi ya namna hiyo.

Rangi kuukuu inayobambuka huenda ina madini ya risasi. Mtoto anayetambaa hushika vumbi lake, akatia vidole mdomoni, na risasi huharibu ubongo unaokua. Usiikwangue ikiwa kavu, vumbi litazidi.

Paa je? Mabati ya asbesto ni mazito, ya kijivu kama saruji. Yakiwa mazima hatari ni ndogo, lakini yakivunjika au kutobolewa hutoa nyuzi ambazo mtu akizivuta huweza kupata saratani baada ya miaka mingi. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, si ya fundi wa mtaani. Basi gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Sasa maji, na hapa usiwe na haraka. Kama kuna kisima, pima kutoka hapo hadi choo cha shimo, chako na cha jirani. Umbali usipungue mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Maji yakitoka kwenye kisima kirefu cha mashine, hasa pande za Nakuru na Bonde la Ufa, tazama meno ya watoto waliokulia hapo. Madoa ya kahawia huonyesha floraidi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yapelekwe maabara kwanza.

Jikoni, hakikisha moshi una pa kutokea.

Broka atakuharakisha, akisema kuna mteja mwingine njiani. Mwache aseme. Ongea na mama jirani, umuulize mvua ikinyesha maji husimama wapi, kisha umwombe afisa wa afya ya umma wa eneo hilo afike muitazame pamoja.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.